Kutoka Wito wa Makala hadi Jukwaani: Mwongozo kwa Mwanafunzi Anayekwenda Kongamano la Taaluma za Asia

Kongamano la utafiti la wanafunzi wa shahada ya kwanza ni mkutano wa siku moja au mbili ambamo wanafunzi ambao bado hawajahitimu huwasilisha makala zao mbele ya wenzao na wahadhiri, kila mmoja kwa dakika 15 hivi, katika majopo ya watu watatu au wanne. Nchini Marekani desturi hii imekwisha kuzoeleka: kongamano la kitaifa la wanafunzi wa ngazi hiyo lilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1987 huko Asheville, North Carolina, na vyuo vingi vyenye idara za taaluma za Asia huandaa vikao vyao vidogo. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili bado ni changa, lakini si geni kabisa, kwani makongamano makubwa ya wataalamu wa Afrika na Asia yamefanyika Accra mwaka 2015, Dar es Salaam mwaka 2018 na Dakar mwaka 2025. Mwongozo huu unamlenga mwanafunzi anayezungumza Kiswahili, awe Dodoma, Eldoret, Bujumbura au Minnesota, ambaye ameona wito wa makala akajiuliza kama ana lolote la kusema kuhusu Asia. Analo, na aghalabu liko karibu naye kuliko anavyodhani.

Anza kwa kuusoma wito wenyewe polepole, kama unavyosoma mkataba wa kupanga nyumba. Tafuta tarehe ya mwisho, urefu wa ikisiri (muhtasari mfupi wa makala) unaotakiwa, ambao kwa kawaida huwa kati ya maneno 150 na 300, na uone kama wanataka barua ya mhadhiri anayekusimamia. Kisha tafuta jambo ambalo wengi hulipita: waandaaji wanaposema "Asia", wana maana ya Asia ipi? Katika idara nyingi za Marekani neno hilo huhusu China, Japani, Korea, Bara Hindi na nchi za kusini-mashariki, ilhali Oman, Yemen na Iran hupelekwa katika idara ya Mashariki ya Kati. Mzanzibari au Mswahili aliyezaliwa Muscat huona ajabu kuambiwa kwamba nchi ya jamaa zake haimo katika Asia, na ana haki ya kushangaa, lakini ni afadhali ashangae mapema kuliko baada ya kukataliwa. Waandikie waandaaji barua pepe ya mistari mitatu: jina na chuo chako, mada yako kwa sentensi moja, na swali kama mada hiyo imo katika mipaka yao. Ikiwa mada yako ni ya Zanzibar na Oman, unaweza kuieleza kwa njia inayoonyesha kwamba Bara Hindi nalo limo. Uamuzi wa mwaka 1861 uliotenganisha Zanzibar na Muscat, na kuitaka Zanzibar iilipe Muscat riale 40,000 kila mwaka, ulitolewa na Lord Canning, mtawala wa Kiingereza nchini India. Hapo utakuwa umevuka mpaka wa idara mbili bila kuomba radhi.

Kazi nzito inayofuata ni kulipata swali, na hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa makala nyingi za wanafunzi huharibikia hapa. Mwanafunzi huandika juu ya ukurasa "Uhusiano wa China na Afrika" akaamini kwamba ana mada, kumbe ana jina la maktaba nzima. Nilifanya kosa hilo mimi mwenyewe nilipowasilisha makala kwa mara ya kwanza, katika chuo kimoja mbali na nyumbani. Nilianza na twiga aliyepelekwa China kutoka Malindi mwaka 1415, nikakusudia kufika katika mikopo ya barabara ya siku hizi, na mwenyekiti wa kikao aliponyanyua karatasi yenye tarakimu 1, kuashiria kwamba imebaki dakika moja, nilikuwa sijaondoka katika karne ya 15. Waliohudhuria walipiga makofi ya heshima tu, na hakuna aliyeuliza swali.

Swali zuri la kongamano la namna hii lina sifa mbili: ni dogo kiasi cha kujibika kwa dakika 15, na jibu lake linategemea chanzo ambacho wewe umekishika mkononi. Sifa ya pili ndiyo inayompa mwanafunzi wa Kiswahili nafasi yake. Mwanafunzi wa chuo cha Ohio anayeandika kuhusu mashairi ya Kijapani anashindana na maelfu ya waliosoma vitabu vilevile, lakini ni wachache mno katika ukumbi wake wanaoweza kusoma Taifa Leo, au kumhoji mstaafu wa reli kwa lugha yake, au kutambua kwamba tunapohesabu laki moja na tunaposema hundi na bima tunatumia maneno ya wafanyabiashara wa Kihindi.

Hebu tutazame mifano. Mwezi Julai 2017 serikali ya Kenya iliwatambua raia wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hiyo. "Wahindi wa Kenya" si swali. "Gazeti la Taifa Leo lilitumia maneno gani kuwataja raia hao katika wiki nne baada ya tangazo la Julai 2017?" ni swali, na linajibika kwa kukaa na magazeti siku tatu. Vivyo hivyo, "reli ya Uganda" ni mada ya vitabu, kwa kuwa ilijengwa kati ya 1896 na 1901 na vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi. Lakini kuchunguza majina yaliyoandikwa katika mawe ya makaburi ya jamii moja katika mji mmoja wa njia ya reli ni kazi ya mwanafunzi mwenye daftari na ruhusa ya walinzi wa makaburi. Redio Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na bado wapo wazee waliokuwa wakiwaandikia watangazaji barua na kutumiwa picha na kalenda. Kama babu yako ni mmoja wao na bahasha zimo sandukuni, makala unayo tayari, iwapo bibi atakubali kulifungua sanduku.

Mfano mmoja zaidi unafaa kuonyesha jinsi swali dogo linavyomlinda mtu asidai kupita kiasi. Mwaka 2010 wataalamu wa mambo ya kale wa Kenya na China waliokuwa wakichimba Mambrui, kaskazini ya Malindi, walipata sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme Yongle wa China, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba sarafu hiyo imethibitisha kuwa meli za Zheng He, amiri wa China wa karne ya 15, zilitia nanga hapo. Lakini sarafu husafiri. Huenda ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa bandari nyingi, na ikaangushwa Mambrui miaka mingi baada ya kufuliwa. Anayeuliza "sarafu hii inaweza kutuambia nini, na haiwezi kutuambia nini?" atasikilizwa kwa makini zaidi na mwanaakiolojia yeyote aliyemo ukumbini.

Ukiisha kulipata swali, kitafute chanzo kabla hujaandika ikisiri, wala usiahidi usichokiona. Nyaraka za Taifa za Kenya zimo katika jengo ambalo zamani lilikuwa Benki ya India, katikati ya Nairobi, jambo ambalo peke yake lingetosha kufungulia makala. Nyaraka za Zanzibar zipo Kilimani, na zina maandishi ya Kiarabu pamoja na ya Kiingereza. Aliye mbali ana Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, iliyofunguliwa mwaka 2014, ambamo kumbukumbu za ofisi ya Kiingereza iliyosimamia India, zikiwamo barua nyingi za Muscat na Ghuba, husomwa bure. Kituo cha kumbukumbu za kihistoria cha Japani, kilichofunguliwa mwaka 2001, nacho hutoa picha za nyaraka bila malipo, ingawa wengi wetu tutahitaji msaada wa mtu anayesoma Kijapani. Si aibu kutoijua lugha ya Asia katika mwaka wa tatu wa shahada. Aibu ni kuificha hali hiyo. Andika wazi kwamba umetumia tafsiri, ya nani na ya mwaka gani, nawe utakuwa umelizuia swali moja baya kabla halijaulizwa.

Ikiwa chanzo chako ni watu, kwanza shughulikia ruhusa. Chuo chako kitakuambia kama barua ya idara inatosha au kama unahitaji kibali cha tume ya sayansi ya nchi, yaani COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, na taratibu hizo huchukua wiki nyingi, kwa hiyo zisisubiri hadi wito utoke. Kisha jifunze kuuliza. Niliwahi kufuatana na mwanafunzi wangu kwa mstaafu mmoja wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kwa msaada wa China. Kijana alitoa shikamoo, akaitikiwa "Marahaba, mwanangu, karibuni," na kabla hajakaa sawasawa akatoa simu ya kurekodia na kuuliza, "Mzee, je, uhusiano wenu na Wachina ulikuwa mzuri?" Mzee akajibu, "Ulikuwa mzuri sana," kisha akanyamaza. Swali lilikuwa limekwisha kumpa jibu. Tulikunywa chai, tukaulizwa tunatoka wapi na ni watoto wa nani, na baada ya hapo nikamwomba kijana aulize tena kwa njia nyingine: "Mzee, siku ya kwanza kazini, yule fundi alikuonyeshaje kazi na hamkuwa na lugha moja?" Mzee akainuka, akaishika fimbo yake kama nyundo, akagonga sakafu mara tatu huku akihesabu kwa Kichina, "Yi, er, san," akacheka. Tulikaa pale hadi magharibi. Omba idhini ya kurekodi baada ya mtu kukuzoea, muulize kama anataka jina lake litajwe, na usimwahidi malipo wala umaarufu.

Sasa andika ikisiri. Nimetunga mfano ufuatao ili tuuchambue, kwa hiyo idadi ya wahojiwa na matokeo yaliyomo ni ya kuonyesha tu, ingawa maelezo ya reli yenyewe ni ya kweli:

"Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba kutoka China. Maandishi mengi kuhusu reli hiyo hueleza siasa zake; machache hueleza jinsi mafundi wa Kichina na vibarua wa Kitanzania, ambao hawakuwa na lugha moja, walivyofundishana kazi. Makala hii inauliza: kazi ilifundishwaje palipokosekana lugha? Kwa kutumia mahojiano na wastaafu sita wanaoishi Mlimba pamoja na picha walizozihifadhi nyumbani, inadai kwamba mafunzo yalitegemea kuigana kwa mikono, na kwamba mkalimani aliitwa hasa palipozuka ugomvi kuhusu zamu au posho, si wakati wa kazi yenyewe. Dai hili linaonyesha kwamba historia ya ushirikiano wa nchi hizi mbili imehifadhiwa pia katika miili ya wafanyakazi, si katika hotuba za viongozi peke yake."

Sentensi ya kwanza inampa msomaji asiyeijua TAZARA kila anachohitaji, wala haizidishi. Ya pili inaonyesha pengo bila kuwatukana waliotangulia. Usiandike kamwe kwamba "hakuna aliyewahi kutafiti jambo hili", kwa kuwa mtu aliyelitafiti huenda ndiye anayesoma ikisiri yako. Ya tatu ni swali, limesimama peke yake, na msomaji aliyechoka hawezi kulikosa. Ya nne ndiyo roho ya ikisiri nzima: imetaja chanzo, idadi na mahali, kisha ikatoa dai ambalo mtu anaweza kulipinga. Ikisiri nyingi zinazokataliwa hukosa sentensi hii na badala yake huahidi kwamba makala "itajadili masuala mbalimbali". Ya tano inapanua kidogo, na mimi ningeiacha kama nafasi ingekuwa finyu. Ikiwa kongamano linataka Kiingereza, andika kwanza kwa lugha unayofikiria, kisha itafsiri, maana nimeona dai likiyeyuka mikononi mwa mwanafunzi aliyekuwa akitafuta msamiati na hoja kwa wakati mmoja.

Majina ya watu na miji yanataka uangalifu wa pekee katika taaluma hii, na kosa moja la jina huwafanya wasikilizaji watilie shaka mengine yote. Kwa Wachina na Wakorea jina la ukoo hutangulia: Mao Zedong ni Mao, hakuitwa Bwana Zedong. Kwa Wajapani hali ni hiyohiyo, na tangu mwaka 2020 serikali yao imerudisha mpangilio huo hata katika hati za Kiingereza, lakini vitabu vingi vya zamani vimegeuza, kwa hiyo hakikisha. Kwa Wavietnamu mtu huitwa kwa jina la mwisho ambalo si la ukoo. Ndiyo maana Võ Nguyên Giáp anajulikana kama Jenerali Giáp. Waindonesia wengi, akiwamo Sukarno, wana jina moja tu, na usiwatafutie la pili. Kuhusu miji, tumia jina la wakati husika unaponukuu na jina la leo unapoeleza kwa maneno yako: barua ya mwaka 1890 ilitoka Bombay, ingawa mji huo unaitwa Mumbai tangu 1995. Kichina kiandikwe kwa mfumo wa Pinyin, uliokubaliwa rasmi mwaka 1958, isipokuwa chanzo chako kimeandika vingine. Na ukikuta "Uajemi" katika maandishi ya Kiswahili ya kale, usilisahihishe kuwa Iran ndani ya nukuu. Lieleze tu nje yake.

Makala ya kusomwa kwa sauti si ile utakayomkabidhi mhadhiri. Sentensi ndefu zinazopendeza kwenye karatasi humpoteza msikilizaji ambaye hawezi kurudi nyuma kuisoma tena. Zivunje. Kwa kasi yangu, ukurasa mmoja wa Kiswahili uliochapwa kwa nafasi mbili huchukua dakika mbili na nusu, kwa hiyo kurasa 6 zinatosha kwa dakika 15, na anayeleta 10 amekuja kumnyang'anya mwenzake muda. Jipime kwa simu, umesimama, ukisoma kwa sauti ya ukumbini, si kwa kunong'ona kitandani. Weka alama pembeni ya aya mbili utakazoziruka kama mwenyekiti ataanza kukutazama, na hakikisha dai lako limekwisha kutamkwa kabla ya dakika ya tatu.

Slaidi ziwe chache: ramani moja, chanzo kimoja kilichokuzwa hadi herufi zisomeke hata nyuma ya ukumbi, na mwishowe swali lako. Zihifadhi kwa muundo wa PDF, kwa maana herufi za Kichina na alama za juu za Kijapani zikifunguliwa kwenye kompyuta ya wenyeji hugeuka visanduku vitupu. Anayewasilisha kwa bango asibandike makala nzima ukutani. Atumie picha mbili, dai kwa herufi kubwa, na asimame kando ya bango, si mbele yake.

Wakati wa maswali huwatisha wengi, lakini mimi huuona kuwa ndio mavuno. Andika kila swali kabla ya kujibu, kwani kuandika hukupa pumzi na kumbukumbu kwa pamoja. Swali usilolijua lijibu hivi: "Chanzo changu hakifiki huko, nililoliona Mlimba ni hili." Huo ni mpaka wa utafiti, na kila mtafiti anao. Atatokea pia mtu atakayenyanyuka kutoa hotuba isiyo na swali. Mshukuru, taja neno moja alilosema linalogusa makala yako, kisha umtazame mwenyekiti. Na ukiulizwa kwa nini wewe, Mwafrika, unasoma Asia, swali ambalo Mmarekani anayesoma Japani haulizwi mara nyingi, usikasirike wala usijitetee kwa muda mrefu. Taja laki, hundi na bima, nawe urudi kwenye mada.

Kuhusu safari, mambo ni machache lakini hayasubiri. Omba barua rasmi ya mwaliko siku ileile unapokubaliwa, kwa kuwa miadi ya viza katika balozi nyingi huchukua miezi. Uliza kama ada ya usajili hupunguzwa kwa wanafunzi, na kama kuna fungu la nauli, kabla hujaanza kuwachangisha ndugu. Ikishindikana kabisa, uliza kama unaweza kuwasilisha kwa njia ya mtandao, na hata hapo rekodi wasilisho lako mapema uwatumie waandaaji, ili umeme ukikatika wao wabonyeze kitufe na wewe ubaki kwenye simu kujibu maswali.

Usiku uleule baada ya kikao, kabla ya kulala, kaa na karatasi ya maswali uliyoyaandika. Yagawe mafungu mawili: yale ambayo chanzo ulicho nacho kinaweza kuyajibu na yale yanayohitaji safari nyingine. La fungu la kwanza lishughulikie ndani ya wiki mbili, ungali unakumbuka sauti ya aliyeuliza. La fungu la pili ndilo litakalokupa tasnifu ya mwaka wa mwisho. Kisha uchapishe nakala moja ya makala, kwa herufi kubwa kidogo, umpelekee mzee wa Mlimba, ukae naye umsomee sehemu zinazomhusu. Beba na kalamu, kwa sababu atakusahihisha.